Kimea na Nyungu Mbili: Namna ya Kutoa Utamu Wote katika Mbegu

Wakulima, na ninyi wamama mnaopika pombe, maneno haya ni kwa ajili yenu. Hayasemi: pikeni pombe nyingi. Hayasemi: nyweni kila siku. Yanasema neno moja tu: mbegu inayoingia katika nyungu ya pombe ni chakula kilichotoka katika ghala. Ukiitumia vibaya, umetupa chakula.

Tuangalie nyumba mbili katika kijiji kimoja cha Katanga. Kila nyumba inataka kuita watu kulima shamba, na kila nyumba itawapa pombe ya kazi. Nyumba ya kwanza inatoa vikapu vitatu vya mbegu, na pombe inakuwa nyepesi. Nyumba ya pili inatoa vikapu viwili, na pombe ni tamu na nzito. Watu wanashangaa. Wengine wanasema: yule mama ana dawa. Hana dawa. Ana akili ya moto na ya maji. Mwezi wa Januari ukifika, mvua ikinyesha na mahindi mapya hayajakomaa, nyumba ya pili bado ina kikapu kimoja cha kula. Nyumba ya kwanza inakwenda kuomba kwa ndugu.

Kikapu kile kilipotea wapi? Kilipotea katika machicha waliyowatupia kuku. Tutaona namna gani.

NDANI YA MBEGU KUNA NINI?

Pasueni mbegu ya mtama. Mtaona unga mweupe. Unga ule ni wanga. Wanga si mtamu, na chachu haiwezi kuula. Chachu inakula sukari tu, na kwa kula sukari inafanya pombe. Basi kazi ya mpika pombe, mbele ya kutia chachu, ni hii: kugeuza wanga kuwa sukari.

Nani anaugeuza? Mbegu yenyewe. Mbegu ikilowa na kuota, inatengeneza ndani yake nguvu ya kuyeyusha wanga, kusudi mche mdogo upate chakula. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, waliitoa nguvu ile katika kimea cha shayiri, wakaiita diastazi. Siku hizi wenye elimu wanajua kwamba si kitu kimoja, ni vitu mbalimbali vinavyosaidiana. Sisi tutasema tu: nguvu ya kimea.

Wamama wa Katanga wanajua jambo hili tangu zamani, hata kama hawakulisoma. Kwa munkoyo wanapika uji wa mahindi, wanauacha upoe, kisha wanatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Mizizi ile nayo ina nguvu ya kuyeyusha wanga. Ukiitia katika uji unaochemka, uji hautakuwa mtamu, kwa sababu umeua nguvu yake. Shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa maneno yote yanayofuata.

MOTO NI RAFIKI, TENA NI ADUI

Mkwe mmoja alimwuliza mama wa mume wake:

– Mama, kwa nini tunachemsha unga lakini hatuchemshi kimea?

– Mwanangu, unga ni mlango uliofungwa. Moto ndio unaoufungua. Kimea ni mtu wa kuingia mlangoni. Ukimchoma mtu, mlango wazi utakusaidia nini?

Mama huyu alisema kweli. Wanga ndani ya mbegu umejifunga kama punje ndogo ngumu. Ukiwa mbichi, nguvu ya kimea inaugusa kwa juu tu, polepole sana. Ukipikwa pamoja na maji, punje zinavimba na kupasuka, na hapo kimea kinaweza kuula wote.

Lakini kila mbegu ina joto lake. Wapika pombe wa Ulaya wanatumia shayiri. Wanga wa shayiri unalainika karibu na digri 60 mpaka 65, na kwa joto hilo nguvu ya kimea cha shayiri bado inafanya kazi. Kwa hiyo wao wanaweza kutia kimea chote katika chombo kimoja cha digri 65, kungoja saa moja, na kazi imekwisha.

Mtama na mahindi si hivyo. Wanga wao unataka karibu digri 70, na zaidi ya 70, mbele ya kufunguka vizuri. Lakini zaidi ya 70 nguvu ya kimea inakufa upesi. Mnaona shida? Ukiweka joto la kufungua wanga, umeua kimea. Ukiweka joto la kuhifadhi kimea, wanga umebaki umefungwa. Anayefuata desturi ya shayiri kwa kupika mtama atapoteza sehemu kubwa ya mbegu yake. Wanga ule unashuka chini pamoja na machicha, na kuku wanashiba.

Dawa ni nyungu mbili. Katika moja tunafungua wanga kwa moto mkali. Katika nyingine tunahifadhi nguvu ya kimea katika maji baridi. Kisha tunaziunganisha kwa kipimo, ili joto lisimame karibu na digri 65.

KIMEA CHEMA

Kimea kibaya hakitengenezwi na nyungu hata tano. Fanyeni hivi:

1. Jaribuni mbegu kwanza. Hesabuni mbegu 100, zilazeni katika kitambaa chenye maji kwa siku tatu. Zikiota 90 ao zaidi, ni vema. Zikiota 60, acheni. Hizo 40 zisizoota hazitakuwa kimea, zitaoza kati ya wenzake. Mbegu zilizotobolewa na wadudu hazifai.

2. Osheni mbegu, kisha lowesheni mchana mmoja na usiku mmoja. Badilisheni maji mara mbili ao tatu, maana mbegu nayo inataka hewa.

3. Kama ni mtama mwekundu mchungu, ule ambao ndege hawaupendi, jueni kwamba uchungu wa ganda lake unaifunga nguvu ya kimea. Nguvu haitoki katika maji. Watu wa Rwanda na wa kusini-magharibi mwa Uganda wana desturi nzuri: wanachanganya mtama huo na majivu ya kuni yaliyoloweshwa, kisha wanaotesha. Majivu yanapunguza uchungu ule. Kisha osheni sana.

4. Tandazeni mbegu juu ya majani safi, kivulini, unene usipite upana wa kiganja. Funikeni kwa majani. Nyunyizeni maji asubuhi na jioni, na kila mara geuzeni mbegu kwa mikono. Zikikaa bila kugeuzwa, zinashika joto kati, mizizi inafungamana, ukungu unaingia.

5. Ngojeni siku tatu mpaka tano. Wakati wa baridi siku zinaongezeka. Mbegu iliyoota siku moja tu haijapata nguvu. Mbegu iliyoacha majani mabichi kurefuka imekula wanga wake mwenyewe, umechelewa.

6. Anikeni juani, tabaka jembamba, mpaka mbegu ivunjike kwa meno kwa sauti. Msikaushe juu ya moto. Kimea kibichi kikipata joto kali, nguvu inakufa mbele ya kufika katika nyungu.

7. Kikikauka, sugueni kwa mikono na pepeteni katika ungo mpaka chipukizi na mizizi yote itoke. Neno hili si la kupendeza macho tu. Chipukizi na mizizi ya mtama inaweza kutoa sumu kali, sianidi. Itupeni.

Kimea chenye ukungu mweusi ao wa kijani, ao chenye harufu mbaya, kitupeni chote. Hata kuku wasipewe. Sumu ya ukungu haifi kwa kupikwa.

KUTWANGA

Mbegu nzima katika maji haitoi kitu. Mbegu iliyovunjika vipande viwili inatoa kidogo. Kimea kitwangwe mpaka kila mbegu iwe unga wa kukwaruza kidogo, kama chenga ndogo. Angalieni unga katika kiganja: mkiona mbegu nzima ao nusu, rudisheni katika kinu. Unga laini kabisa unatoa utamu mwingi, lakini unaziba kung'uto wakati wa kuchuja. Twangeni kimea siku ile ile ya kazi, ao siku iliyotangulia.

KAZI YA NYUNGU MBILI

Hiki ni kipimo cha nyumba moja. Mwenye watu wengi aongeze vyote kwa sawa. Tayarisheni kilo 1 ya unga wa kimea, kilo 2 za unga wa mahindi ao wa mtama usiooteshwa, na litri 20 za maji safi.

Kwanza. Asubuhi tieni kimea katika nyungu ya kwanza pamoja na litri 10 za maji baridi. Koroga vizuri, vunjeni madonge. Acheni saa moja, mkikoroga mara mbili tatu mwanzoni, kisha msiguse tena. Unga utazama. Maji ya juu yatabaki karibu meupe tu. Maji yale si ya kumwaga! Nguvu ya kimea imo ndani yake.

Pili. Chota polepole litri 8 za maji ya juu, yawekeni katika nyungu safi ya kuunganishia, kivulini. Nyungu hii iwe kubwa, ya litri 25.

Tatu. Matope yaliyobaki chini ni wanga wa kimea. Yatieni katika sufuria pamoja na unga wa mahindi na litri 10 za maji zilizobaki. Pikeni na kukoroga mpaka uji uchemke. Endeleeni kuchemsha nusu saa na zaidi. Usiwe na madonge; ndani ya donge wanga ni mbichi. Hapo wanga wa mahindi na wa kimea umefunguka wote.

Nne. Sasa ni kazi ya akili. Wengine wanamimina maji ya kimea juu ya uji wa moto. Ni kosa. Maji ya kwanza yanayoanguka juu ya uji unaochemka yanaungua, na nguvu yake inakufa papo hapo. Fanyeni kinyume: chota uji wa moto, umimine ndani ya maji baridi ya kimea, kikombe kwa kikombe, mwingine akikoroga. Hivyo joto linapanda polepole kutoka chini, na kimea hakipigwi na moto.

Tano. Uji wote ukiisha kuingia, joto litakuwa karibu na digri 65. Hesabu yake ni hii: uji wa litri 13 ao 14 wenye digri 95, pamoja na litri 8 za maji yenye digri 20 na kitu, pamoja na ubaridi wa nyungu yenyewe. Msibadilishe vipimo hivi bila kufikiri. Mkipunguza maji ya kimea, joto litapita, mkiyaongeza, litapungua.

Mwenye kipima-joto akitumie. Asiye nacho ajaribu kwa kidole haraka, kwa uangalifu: kidole kinaingia na kutoka mara moja, hakiwezi kukaa. Ukiweza kukiacha ndani na kuhesabu polepole mpaka tatu, nyungu imepoa mno. Chota kidogo, chemsha, rudisha.

Sita. Funikeni nyungu. Izungusheni blanketi, ao iwekeni katika shimo lenye majani makavu pande zote. Ngojeni saa moja na nusu mpaka saa mbili. Koroga mara moja kila robo saa, kisha funikeni upesi. Nyungu iliyoachwa wazi katika upepo inapoa, na kazi inalala katikati.

Mtaona ajabu. Uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi katika dakika chache. Lakini msidanganyike! Kuwa mwepesi si kuwa mtamu. Kwanza wanga unakatika vipande vikubwa, na uji unalegea. Kisha vipande vikubwa vinakatwa kuwa sukari, na jambo hilo linataka muda. Mwenye haraka anachuja uji mwepesi usio na utamu.

KUJUA KAMA WANGA UMEKWISHA

Ulimi ni shahidi wa kwanza: maji yawe matamu sana. Shahidi wa pili ni yodi, ile dawa ya rangi ya kahawia ya kupaka kidonda. Chukueni tone moja la maji masafi ya juu, bila machicha, liwekeni katika sahani nyeupe, lipoe kabisa. Tieni tone moja la yodi. Rangi ikigeuka bluu ao nyeusi, wanga ungali upo: ngojeni tena. Rangi ikibaki ya kahawia, wanga wa maji umekwisha. Lipoe kwanza, maana katika maji ya moto yodi haionyeshi rangi. Kilichotiwa yodi kimwagwe, kisirudishwe katika nyungu.

KUOSHA MACHICHA

Hapa ndipo wengi wanapoteza kikapu chao. Wanachuja mara moja, wanakamua kidogo, wanatupa. Lakini machicha yanashika maji matamu kama sifongo.

Tuhesabu pamoja. Tuseme machicha yamebaki na litri 6 za maji matamu. Ukitia litri 12 za maji ya moto kwa mara moja, ukakoroga na kuchuja litri 12, ndani zimebaki litri 6 kati ya 18: theluthi moja ya utamu umeiacha. Sasa zigawe litri 12 zile mara mbili. Tia litri 6, koroga, chuja litri 6: nusu imetoka. Tia litri 6 nyingine, koroga, chuja: nusu ya nusu imetoka. Imebaki robo tu. Maji ni yale yale, kuni ni zile zile, utamu umeongezeka.

Maji ya kuosha yawe ya moto, si ya kuchemka. Mtama hauna ganda la nje kama shayiri la kusaidia kuchuja. Basi tumieni kung'uto ao mfuko wenye nafasi, na msikamue kwa nguvu tangu mwanzo. Acheni maji yashuke yenyewe, kisha kamueni mwishoni. Maji ya pili yakiwa mepesi mno, yahifadhini kwa kupika uji wa nyungu ya kesho yake. Yasikae siku nyingi, yatachacha.

Maji matamu yote yakikusanyika, yachemsheni, yapozeni mpaka yawe sawa na joto la mwili wa mtu, kisha tieni chachu yenu. Hapo desturi ya kila nyumba inaendelea.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Uji hauwi mwepesi. – Kimea kimekufa: kilikaushwa juu ya moto, ao kimetiwa katika uji unaochemka, ao ni mtama mchungu usiooshwa kwa majivu.

Uji ni mwepesi lakini si mtamu. – Hamkungoja, ao joto lilipita 70.

Utamu ni kidogo, na yodi inageuka bluu baada ya saa mbili. – Nyungu ilipoa, ao uji ulikuwa na madonge, ao kimea ni kidogo. Kwa kimea chema, kipimo kimoja kinatosha kwa vipimo viwili vya unga. Kwa kimea kidhaifu, tieni sawa kwa sawa.

Utamu ni mzuri, lakini pombe ni kidogo. – Machicha hayakuoshwa.

Maji yanakuwa makali kama siki mbele ya kutia chachu. – Nyungu zilikuwa chafu, ao maji matamu yalikaa vuguvugu muda mrefu. Osheni kwa maji ya moto.

Msibadilishe mambo matano siku moja. Badilisheni moja, muonje, mwandike ao mkumbuke. Hivyo mtajua ni lipi lililosaidia.

MANENO YA MWISHO

Nguvu hii ya kimea si ya pombe tu. Katika Tanzania, miaka ya 1980, watu wa kazi ya chakula waliwafundisha wamama kutia kimea kidogo katika uji mzito wa mtoto: uji unalegea, na mtoto mdogo anaweza kula unga mwingi zaidi kwa tumbo lake dogo. Kwa uji wa mtoto chagueni kimea cha ulezi, si cha mtama, kwa sababu ya ile sumu ya chipukizi. Na uji uchemshwe tena mbele ya kumpa.

Basi kumbukeni: oteshe vizuri, kausheni kwa jua, twangeni mbegu yote. Moto mkali kwa unga, maji baridi kwa kimea. Mimineni cha moto ndani ya cha baridi. Funikeni, ngojeni, jaribuni kwa yodi. Osheni machicha mara mbili.

Ukifanya hivi, kwa pombe ile ile utatoa mbegu chache zaidi katika ghala. Zilizobaki zina kazi yao. Januari inakuja kila mwaka, na watoto hawali sifa za pombe.